Shamba lako likiingizwa katika komini mpya: namna ya kulinda haki yako

Ukitoka Lubumbashi kwa barabara ya Kipushi, ya Kasumbalesa au ya Likasi, utakuta mashamba ambayo yalipimwa wakati ambapo hapakuwa na jirani isipokuwa vichuguu na miti ya miombo. Leo yamezungukwa na nyumba za matofali ya kuchoma, makanisa, shule na vituo vya teksi. Komini Annexe, ambayo inazizunguka komini nyingine sita za jiji letu, imejaa watu kiasi kwamba kila mara husikika habari kwamba sehemu fulani itageuzwa komini yenye burugumesta wake, yaani mkuu wake, na ofisi zake. Habari hiyo ikifika huzua hofu kwa mwenye shamba, anayedhani kwamba mali yake imekwisha kuchukuliwa, na huzua tumaini lisilo na msingi kwa aliyenunua kiwanja kwa mkuu wa kijiji, anayedhani kwamba komini mpya itafuta karatasi za mwenye shamba. Wote wawili wanakosea, na wengi wametumia fedha za wakili katika kesi ambayo tangu mwanzo ilifunguliwa mbele ya hakimu asiyehusika.

Mwongozo huu umeandikwa kwanza kwa mwenye shamba au konsesio, lakini mkaaji wa kiwanja ausome pia, kwa sababu yanayomhusu yamo ndani yake.

Mpaka wa utawala na mpaka wa milki

Jambo la kushika kabla ya kuchukua hatua yoyote ni kwamba mpaka wa komini unaeleza nani anatawala mahali fulani, nani anapokea ushuru wa soko, nani anaandika vizazi na vifo, ilhali mpaka wa milki unaeleza nani ana haki ya kutumia kipande fulani cha ardhi. Dekreti (amri ya Serikali) ya kuunda komini huchora mpaka wa kwanza tu. Haimpi burugumesta shamba la mtu, wala haimpokonyi mtu haki iliyoandikwa kwa jina lake.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 kuhusu mali na ardhi, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema katika kifungu cha 53 kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake, haiwezi kuuzwa wala kupotea kwa kupitwa na muda. Kwa hiyo tunachokiita shamba letu ni konsesio, yaani haki ya kutumia ardhi ya Serikali: ya kudumu, ambayo hupewa raia Mkongomani kama mtu binafsi, au ya kawaida, ambayo ina muda wake na hupewa pia makampuni na wageni. Haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya uandikishaji. Nayo Katiba, katika kifungu cha 34, inasema kwamba mali ya mtu haichukuliwi ila kwa faida ya umma na kwa fidia ya haki inayotolewa kabla. Njia ya kuichukua imewekwa na sheria ya tarehe 22 Februari 1977. Ikiwa hakuna uamuzi wa kuchukua mali kwa sheria hiyo, hakuna aliyechukua kitu, hata kama bendera ya komini imekwisha kupandishwa katikati ya shamba lako.

Hata hivyo, nisikudanganye kwamba hakuna kinachobadilika. Kifungu cha 60 cha sheria hiyohiyo ya 1973 kinagawa ardhi za Serikali katika mafungu mawili, za mjini na za mashambani, na za mjini ni zile zilizomo ndani ya mipaka ya maeneo yaliyotangazwa kuwa miji. Eneo lililokuwa shamba katika teritwari (eneo la utawala nje ya jiji) linaweza basi kuhama fungu bila wewe kusogea hata hatua moja. Hapo ndipo penye mtego ambao wengi hawauoni. Mamlaka ya kusaini mkataba mpya wa ardhi hutegemea ukubwa na fungu: mashambani gavana wa jimbo anaweza kusaini hadi hekta 200, lakini mjini uwezo wake unaishia hekta 10, na zaidi ya hapo faili hupanda kwa waziri wa ardhi Kinshasa. Tuseme una hekta 40 na kontra yako (mkataba) imebakiza mwaka mmoja. Kama eneo bado ni la mashambani, kuihuisha kwako kutaishia Lubumbashi. Kama limekuwa la mjini, karatasi iliyosainiwa na gavana peke yake inaweza kupingwa mahakamani na mtu yeyote mwenye faida ya kuipinga, hata kama uliipata kwa nia njema na ulilipa kila senti. Basi uliza swali hili mapema, kwa maandishi, na uhifadhi jibu.

Kodi nayo hubadilika, kwa kuwa kodi ya ardhi na majengo hupangwa kufuatana na daraja la mahali. Ukipokea karatasi ya DRHKAT, ofisi ya mapato ya jimbo la Haut-Katanga, yenye kiwango kipya, usiitupe kwa hasira: lipa au pinga kwa barua, lakini kila risiti itunze, maana risiti za miaka mfululizo zina uzito mkubwa mbele ya hakimu.

Anza na karatasi zako

Nenda kwa konservateri wa hati za ardhi wa sirkonskripsio yako (eneo lake la kazi), si kwa mtu anayekaa nje ya ofisi yake. Omba kwa barua uthibitisho kwamba sertifika yako imo katika kitabu cha uandikishaji. Juu ya sertifika utaona namba ya volumu na ya folio. Ni kwa namba hizo ukurasa wako hutafutwa. Soma mstari kwa mstari: jina lako limeandikwaje, namba ya kadastri (rejista ya vipimo vya ardhi) ni ipi, eneo ni hekta ngapi, ari ngapi na sentiari ngapi, je, kuna rehani iliyoandikwa nyuma na haikufutwa ingawa deni lililipwa zamani? Linganisha na mchoro uliobandikwa ndani. Ni kawaida kukuta sertifika ya baba inayosema eneo moja, na uzio uliojengwa na watoto unaosema lingine. Tofauti hiyo ndiyo itakayotumiwa dhidi yako siku ya kesi, kwa hiyo irekebishwe sasa.

Kisha mwite mpimaji wa kadastri, mwende naye hadi kwenye alama za saruji. Zile zilizong'olewa ziwekwe upya mbele ya majirani, na maandishi ya kazi hiyo yasainiwe na wote waliokuwepo. Omba akupe kordonate (namba za mahali) za kila pembe, kwa sababu dekreti hutaja mipaka kwa mito, vijito, barabara na vilele vya vilima, na bila kordonate huwezi kujua kama kijito kinachotajwa kinapita juu ya shamba lako au chini yake.

Sertifika iliyoandikwa zamani kwa jina la teritwari ya Kipushi haifi kwa sababu mahali pale sasa panaitwa komini. Usikubali kumpa yeyote karatasi ya asili eti aende kuibadilisha ili ifuate jina jipya. Mpe kopi iliyothibitishwa. Karatasi ya asili ikipotea katika msukosuko kama huu, kuipata upya huchukua muda ambao mpinzani wako atautumia vizuri.

Sertifika ambayo imepita miaka 2 tangu iandikwe kwa kawaida haishambuliki tena, na anayedai kudhulumiwa nayo hubaki na njia ya kudai fidia tu. Ndiyo sababu muda ni rafiki wa mwenye sertifika halali na ni adui wa yule anayegundua kwamba mtu mwingine ameandikishwa juu ya ardhi yake. Ukigundua jambo kama hilo, usingoje mikutano ya familia iishe.

Na yule asiye na sertifika? Kama una kontra ya kukodi, kumbuka kwamba ni ya miaka 3, nayo ni ngazi ya kupandia kuelekea konsesio, kwa hiyo angalia tarehe na uombe kuendelea kabla haijafikia mwisho. Kama unakaa kwa haki ya kimila, uliyopewa na wazee wa kijiji, hali yako ni ngumu zaidi, na nasema hivyo kwa uchungu. Vifungu vya 387 hadi 389 vya sheria ya 1973 vilizifanya ardhi za jamii za kienyeji kuwa za Serikali, vikaahidi kwamba haki za wanaozitumia zitapangwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri, na amri hiyo haikutolewa. Watu wengi kuizunguka Lubumbashi wanaishi ndani ya ahadi hiyo. Lakini haki yao haikosi thamani: mbele ya mahakama ya amani, makaburi ya familia, miembe iliyopandwa na babu, ushahidi wa majirani na barua ya mkuu wa kimila vinasikilizwa. Yakusanyeni hayo yote mapema, yaandikeni, yapigeni picha.

Itafute dekreti yenyewe

Migogoro mingi hupiganwa juu ya maandishi ambayo hakuna aliyeyasoma. Kabla ya kulalamika, pata nakala kamili ya dekreti, pamoja na kiambatisho chake cha mipaka kama kipo, na ujue ilitangazwa lini katika Journal officiel, gazeti rasmi la Serikali. Kutoka kwenye tarehe hiyo siku zako zinaanza kuhesabiwa.

Soma ukiwa na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 kuhusu maeneo yanayojiendesha, yaani majiji, komini, sekta na usultani. Komini, kwa sheria hiyo, ni makao makuu ya teritwari, au sehemu ya jiji, au mji mdogo wenye wakaaji wasiopungua 20,000 uliopewa hadhi hiyo kwa dekreti ya Waziri Mkuu. Dekreti hutokana na pendekezo la waziri wa mambo ya ndani na ridhaa ya bunge la jimbo. Basi maswali ya kuuliza ni haya: watu walihesabiwa na nani, na je, hesabu ilijumuisha vijiji vilivyo nje ya mpaka? Bunge la jimbo lilikaa lini, na je, kuna maandishi ya kikao? Mipaka inakata sekta au usultani jirani bila wenyewe kuelezwa? Kila swali lisilo na jibu zuri linaweza kuwa hoja ya wakili wako.

Katika baadhi ya nchi, wakaaji wenyewe hupiga kura. Huko Texas, Marekani, tarehe 3 Mei 2025, mji wa Starbase uliundwa kwa kura 212 dhidi ya 6 kuzunguka kituo cha kampuni ya SpaceX, na wapiga kura wengi walikuwa na uhusiano na kampuni hiyo yenye ardhi kubwa pale. Kwetu kampuni yenye konsesio, hata ikiwa kubwa kiasi gani, haiwezi kugeuza uwanja wake kuwa komini kwa kura ya wafanyakazi wake, na mwenye shamba hana kura ya kuzuia. Sauti yake inapita kwa mbunge wa jimbo kabla ya ridhaa kutolewa, na kwa hakimu baada ya dekreti kutoka. Anayesubiri bila kumwandikia mbunge wake amepoteza nafasi ya kwanza, ambayo ndiyo ya bei rahisi.

Mfano wa nchini mwetu unaojulikana zaidi ni wa Minembwe, katika Kivu ya Kusini. Hadhi ya komini ilitolewa kwa dekreti ya mwaka 2013, burugumesta akasimikwa mwezi Septemba 2020, ubishi kuhusu mipaka na kuhusu ardhi za jamii jirani ukawaka nchi nzima, na tarehe 8 Oktoba 2020 Rais Tshisekedi akatangaza akiwa Goma kwamba anabatilisha kilichofanyika. Sitaki kuingia katika majeraha ya ndugu zetu wa kule; ninachotaka mwenye shamba wa Lubumbashi aone ni kwamba tangazo la mdomo, litoke kwa nani, halisimamishi siku za kupeleka malalamiko. Hata ukisikia redioni kwamba komini imefutwa, omba maandishi, na kama hayapo endelea na hatua zako kama kwamba hukusikia kitu.

Hakimu yupi?

Hapa ndipo kesi nyingi hufia, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Ukitaka kuipinga dekreti yenyewe, yaani kusema kwamba komini haikuundwa kwa kufuata sheria au kwamba mpaka wake ni batili, unapinga tendo la mamlaka ya kati, na hakimu wake ni Conseil d'État, mahakama ya juu ya mambo ya utawala, iliyoko Kinshasa. Sheria ya tarehe 15 Oktoba 2016 kuhusu mahakama za utawala inataka kwanza upeleke malalamiko kwa mamlaka iliyotoa tendo, ndani ya miezi 3 tangu lilipotangazwa au ulipojulishwa. Malalamiko yaonyeshe tendo unalolipinga, haki yako inayoguswa na kile unachoomba, na yapelekwe kwa njia inayoacha alama: mhuri wa kupokelewa kwenye kopi yako, wenye tarehe inayosomeka. Mamlaka ikikaa kimya miezi 3, ukimya huo huhesabiwa kuwa kukataa, nawe una miezi 3 mingine ya kufungua ombi. Anayeruka hatua ya malalamiko hufukuzwa mlangoni bila hoja zake kusomwa, hata kama ana haki kama mchana. Kwa hatari ya haraka, kama vile tingatinga kuingia kesho, sheria hiyo inaruhusu pia kuomba tendo lisimamishwe kwa muda wakati kesi kuu ikisubiri. Muulize wakili wako waziwazi kama anaruhusiwa kusimama mbele ya Conseil d'État, kwa sababu si kila wakili wa baa yetu (chama cha mawakili) anaweza.

Ukipinga uamuzi wa gavana, wa meya au wa burugumesta, kwa mfano barua inayoagiza shamba lako ligawiwe, hilo ni tendo la mamlaka ya jimbo au ya chini, na huenda mbele ya mahakama ya rufaa inayoshika nafasi ya mahakama ya utawala pale ambapo mahakama hiyo bado haijawekwa.

Lakini kama ugomvi wako ni na mtu anayedai kipande chako, awe na sertifika nyingine au amejenga tu, hiyo si kesi ya komini hata kidogo. Ni kesi ya ardhi ya kawaida, na inakwenda Tribunal de Grande Instance (mahakama iliyo juu ya mahakama ya amani) pale inapohusu hati zilizoandikishwa, au mahakama ya amani inapohusu ardhi inayoongozwa na mila. Burugumesta, kamanda wa polisi na mkuu wa kartie (mtaa) wanaweza kuwapatanisha. Hawana uwezo wa kuamua nani mwenye ardhi, na karatasi waliyoisaini ya kukugawia au kukunyang'anya haimfungi konservateri wala hakimu.

Wauzaji wa viwanja

Kwa uzoefu wa watu wengi, hatari ya kweli haitoki kwenye dekreti. Inatoka kwa wale wanaoitumia kama kivuli: wiki chache baada ya habari kuenea, vijana wanaonekana na kamba na vigingi, viwanja vya mita 20 kwa 25 vinachorwa juu ya mihogo ya mtu, na wanunuzi wanaambiwa kwamba shamba limekuwa la komini.

Siku hiyohiyo mwite wisie wa mahakama (ofisa anayeandika ushahidi rasmi) aje kuandika anachokiona, na upige picha zenye tarehe. Mwandikie konservateri kumjulisha kwamba mauzo yanaendelea na kwamba hujakubali kugawa. Mwulize pia wakili kuhusu kuweka upinzani kwenye kitabu cha uandikishaji, ambao una muda wake na hutaka idhini ya hakimu. Peleka shitaka kwa parke, ofisi ya mwendesha mashitaka. Kuuza ardhi ambayo si yako ni kosa la stelionati katika sheria ya jinai, kifungu cha 96, na kukaa juu ya ardhi bila hati wala mkataba ni kosa katika sheria ya ardhi yenyewe. Usiajiri watu wa kubomoa vibanda usiku. Mwenye haki anayebomoa bila hukumu hugeuka mshitakiwa, na kesi yake nzuri huzama.

Kwa upande wa mnunuzi: kabla ya kutoa fedha, omba namba ya kadastri ya kiwanja na uipeleke mwenyewe kwa konservateri. Muuzaji akisema namba itatoka baadaye, ondoka. Kama umekwisha kununua na kujenga, mtafute mwenye sertifika mapema badala ya kujificha nyuma ya mkuu wa kartie. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada katika ofisi ya ushauri wa bure ya baa.

Mkielewana, andikeni

Shamba kubwa lililokwisha kuzungukwa na mji mara chache hurudi kuwa shamba. Wenye mashamba wenye busara hupeleka mpango wa kugawa viwanja wakiwa bado wana nguvu, wakiacha barabara, shule na soko ndani ya mchoro, na waliokwisha kujenga wanalipa bei iliyokubaliwa kwa awamu na kupata hati zao. Mapatano hayo yaandikwe kiwanja kwa kiwanja, pamoja na majina kamili, namba na kipimo cha kila kimoja, awamu za malipo na tarehe zake, na kitakachotokea mtu akishindwa kulipa. Yasainiwe mbele ya notari, yakiambatana na mchoro uliopigwa mhuri wa kadastri, na nakala moja iwekwe kwa konservateri kabla ya fedha ya kwanza kubadilisha mikono.